Mke wa Aliyepotelea Joni

Kazuwa,
Rumphi.
11 Juni

Kaka yangu Wanangwa,

Nakusalimu kwa upendo, na kwa adabu ya mdogo kwa mkubwa wake. Sijui barua hii itakufikia ukiwa kazini au umejipumzisha, lakini popote itakapokukuta namwomba Mungu ikukute mzima, umekula, na mwili haukuumi. Nasi huku tupo. Mama yupo, magoti humsumbua asubuhi za baridi hizi, ila bado anapalilia bustani yake ya mboga kule bondeni na bado anagombana na kuku kama anayegombana na watu. Mwanao Temwa amenipita kimo. Yuko kidato cha pili, na akicheka ni wewe mtupu, mpaka mama huinuka akajifanya anatafuta kitu jikoni.

Mahindi tumepata. Si ya kujivunia, lakini hatutaomba kwa watu. Tumbaku mwaka huu tumelima kidogo tu, maana mikono ilikuwa na kazi nyingine, na kazi hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Utashangaa kupata karatasi zama hizi. Namba zako zote nimezijaribu. Ile ya kwanza wanasema haipo. Ile ya pili alipokea mwanamke, akaniuliza jambo kwa Kizulu, nilipotaja jina lako akakata. Mama akasema niandike, kwa sababu karatasi haizimwi. Anayekuletea ni Vitumbiko, mwana wa Mzee Mtonga wa ng'ambo ya mto, aliyekuja tena juzi na sasa anarudi huko. Krismasi alikuja likizo akatuambia alikuona kanisani huko Tembisa, umevaa koti la kijivu, umenenepa kidogo. Mama alimwuliza habari za koti hilo mpaka kijana wa watu akachoka: zito au jepesi, lina vifungo vyote, mikono inafika kwenye viganja? Alipoondoka, mama akasema, basi baridi haimpati.

Sasa kaka, kaa vizuri. Mkeo Tiyezge amegombea ubunge.

Najua hapo umekatiza kusoma. Nami siku ya kwanza niliyosikia nilisimamisha mchi kinuni. Ngoja nikusimulie tangu mwanzo, maana ulipoondoka ulimwacha mwanamke mwingine kabisa, msichana wa kina Harawa aliyekuwa akiongea huku ameziba mdomo kwa kiganja.

Ulipokawia mwaka wa kwanza na wa pili, alianza kwenda na akina mama wa chama. Nadhani alitaka tu mahali pa kuwa na watu siku ambazo nyumba ilimzidi. Wakamfanya mwenyekiti wao. Wewe unajua kazi ya akina mama wa chama katika nchi hii: wanakuja wakubwa kwa magari, na wanawake wamevaa vitenge vyenye nyuso za wanaume wa watu, wanawachezea juani mpaka vumbi linaingia kwenye meno. Wakubwa wanatupa noti, wanapanda magari, wanakwenda. Tiyezge alicheza hivyo miaka mingi na hakuna aliyejua anafikiri nini.

Masika ya mwaka juzi mto Rukuru ulichukua daraja letu la miti. Unakumbuka Wezi, binti wa jirani yetu, yule uliyemfundisha kuendesha baiskeli? Aliolewa ng'ambo. Alishikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza, wakamleta mpaka ukingoni, zahanati wanaiona upande wa pili, maji yamejaa. Siku ileile wenzetu wote wenye nguvu ya kufunga kamba na kumvusha walikuwa wamesombwa kwa lori kwenda kumchezea mbunge uwanjani, Tiyezge akiwa mbele yao. Waliporudi walikuta watu wamekaa chini mbele ya nyumba ya jirani. Wezi alikuwa amefia ukingoni, na mtoto naye.

Tiyezge hakula siku ile. Kesho yake alitoa vitenge vyote vya chama, akavifua, akavikunja vizuri kama nguo za marehemu, akampelekea katibu wa tawi. Aliporudi aliniambia neno moja ambalo baadaye jimbo zima lililiimba. Alisema, "Wifi, tumecheza vya kutosha. Sasa tuongee."

Alianzia ndani ya chama, kama mtu wa heshima. Siku ya kura ya mchujo tulikusanywa kwenye uwanja wa shule, kila mtu akaambiwa asimame nyuma ya anayemtaka. Mshindani wake alikuwa Bwana Zgambo, mwenye malori ya tumbaku, yule anayekaa Mzuzu na huku hufika kwa misiba mikubwa tu. Kaka, mstari wa Tiyezge ulizunguka darasa la mwisho ukapotelea nyuma ya vyoo. Mstari wa Zgambo ungeweza kukaa kwenye kivuli cha gari lake, na nusu yake walikuwa madereva wake. Maofisa waliotumwa kutoka mjini wakahesabu, wakanong'onezana, wakamtangaza Zgambo. Watu walipouliza kulikoni, mmoja wao akasema mstari wa mama huyu ulipinda, na mstari uliopinda hauhesabiki. Tangu siku hiyo vijana wakikutana njiani hawaulizani hali. Anauliza mmoja, mstari wako umenyooka? Mwenzake anajibu, umepinda kidogo, lakini nashukuru.

Ndipo Tiyezge akasema atasimama peke yake, mgombea binafsi asiye na chama.

Hapo ndipo jina lako liliporudi nyumbani, kaka. Baba mdogo Yotamu aliitisha kikao cha ukoo. Alisema mwanamke huyu tulimtolea ng'ombe, ni wetu, na mke hawezi kwenda kuomba watu kura mchana kweupe bila ruhusa ya mumewe. Mwenye mke hayupo, je, nani atoe ruhusa? Wazee wakatikisa vichwa. Tiyezge alikuwa amepiga magoti mlangoni kama desturi inavyotaka, hasemi. Nami nilikuwa nyuma yake, na nitakuambia ukweli, nilikuwa naomba wakatae.

Mama alikuwa kwenye mkeka wake pembeni. Akasema, "Mimi nipo."

Baba mdogo akamwambia kwa upole kwamba suala ni la mume. Mama akamjibu kuwa Wanangwa alipoondoka hakumwomba ruhusa mtu yeyote katika kikao hiki, na hata yeye aliyemzaa aliamka akakuta kitanda kimetandikwa. "Kama mwanangu aliweza kwenda bila ruhusa," akasema, "mkwe wangu anaweza kwenda kwa ruhusa yangu." Kikao kikaishia hapo, watu wakaletewa thobwa wakanywa.

Tume ya uchaguzi ilimtaka achague alama ya kuwekwa kwenye karatasi ya kura, kwa wale wasiojua kusoma. Akachagua ungo. Alisema hakuna nyumba isiyo na ungo, na kazi ya ungo inajulikana: kupepeta, makapi yaende zake. Akina mama walifurahi mno. Watu wa Zgambo nao walifurahi, kwa sababu zao, kama utakavyosikia.

Basi tukaanza kutembea. Zgambo alikuwa na magari yenye vipaza sauti yanayotikisa mabati ya nyumba. Sisi tulikuwa na miguu, baiskeli za kukodi kwa safari za mbali, na ngoma ya kanisa tuliyoazimwa kwa sharti isipigwe nyimbo za dunia. Asubuhi tunaondoka na viazi vitamu kwenye kitambaa, jioni tunalala kwa yeyote atakayetukaribisha. Nilikuwa nambebea viatu vyake vizuri, anavivaa tukikaribia kijiji. Jina lake nalo likawa wimbo. Kwa kuwa Tiyezge maana yake tujaribu, mmoja akisema Tiyezge, wengine wanaitikia tujaribu, mpaka watoto wachunga ng'ombe wanaitikia kutoka vilimani bila kujua nani anaita.

Kaka, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Unajua niliporudishwa kwa wazazi, mume wangu aliniambia hawezi kukaa na mti usiozaa. Nilifika hapa na begi moja, na kwa kawaida ya kwetu wifi ndiye angekuwa wa kwanza kunihesabia kila tonge la nsima. Tiyezge alinifungulia mlango, akasogeza kitanda chake upande, akaniambia nilale ukutani kwa sababu mlangoni kuna upepo. Tangu hapo tumelima pamoja, tumechota maji pamoja, tumemlea Temwa pamoja. Kwa hiyo kutembea naye kijiji kwa kijiji, tukicheka njiani mambo yasiyo na maana, kwangu ilikuwa kama sikukuu ambayo haiishi.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia. Kila tulipofika, akimaliza kuongea habari za daraja na zahanati na bei ya tumbaku, watu walikuwa wanatawanyika, kisha mmoja mmoja wanarudi. Mara nyingi ni wanawake wazee. Wanamsogelea karibu kana kwamba wana deni. Nilidhani wanataka sukari. Wanachouliza ni kama mbunge ana uwezo wa kutafuta watu waliopotelea Joni, huko Afrika Kusini uliko wewe. Mmoja mwanawe ameondoka tangu mvua ya mafuriko, mwingine mumewe, mwingine amepoteza wawili, anauliza angalau mmoja. Mzee mmoja wa kiume alisubiri mpaka wanawake wote wameondoka ndipo akauliza, na aliuliza huku anaangalia mti, kama anayeulizia ndege.

Tiyezge hakumdanganya hata mmoja. Aliwaambia, "Mama, siwezi kuwarudisha walioenda. Wangu mwenyewe nimeshindwa. Ninachotaka ni hawa waliobaki wasione njia moja tu." Wengine walilia. Lakini waliondoka wamemshika mkono kwa mikono miwili, na nilianza kuelewa kwamba atashinda.

Na hapo ndipo sikukuu yangu ilipoanza kuingia maji. Maana nawajua wabunge. Wakishinda wanakwenda Lilongwe, wanapewa nyumba, wanapata marafiki wanaovaa viatu siku nzima, kisha tunawaona kwenye magazeti. Kila watu walipompigia makofi niliona kama wanamvuta mkono upande mmoja, mimi nimeshika upande wa pili.

Wiki ya mwisho chifu aliwaita wagombea wote waongee mbele ya watu kwenye uwanja wake, mmoja baada ya mwingine, bila fujo. Watu walijaa mpaka wengine wakapanda kwenye mikokoteni. Alianza msaidizi wa Zgambo, kijana mmoja mwenye maneno. Akainua ungo mkuukuu alioupata sijui wapi, akawauliza watu kama wanajua nani husafiri kwa chombo hiki usiku. Watu wakacheka, maana hata huko uliko nadhani wanajua wachawi wa kwetu huruka na nini. Akasema mama huyu anataka kutupeleka Lilongwe kwa ndege yake ya jikoni, tujifunge mikanda. Watu wakacheka zaidi. Hata mimi nilibana midomo.

Kisha akasimama Zgambo mwenyewe. Akavua kofia, akasema yeye hana la kuongeza ila swali moja. Akauliza, "Mwanamke aliyeshindwa kumshika mume mmoja, jimbo zima atalishika kwa mkono gani?"

Hapo hakucheka mtu. Mama alikuwa amekaa na wazee wa kike, nikaona anashusha kitambaa cha kichwani mpaka kwenye nyusi. Kaka, sina nia ya kukuumiza, lakini ujue siku ile ulitajwa mbele ya watu wa jimbo zima kama tusi.

Tiyezge akainuka. Alikwenda mpaka kwa yule kijana, akamwomba ungo, akauangalia kama anayenunua sokoni. Akasema, "Wamewaambia naruka na huu. Ningekuwa na ungo unaoruka, ningeshafika Joni siku nyingi, nikamshika mume wangu kola ya shati, nikamrudisha kwa mama yake."

Uwanja ulipasuka kwa kicheko, hata chifu. Aliwaacha wacheke mpaka wakatulia. Kisha akasema, sauti yake ikiwa chini hivi kwamba watu wa nyuma walisogea, "Halafu ningerudi kule kuwachukua wenu. Nani hapa ana mtu wake aliyepotelea Joni? Anyooshe mkono."

Mkono wa kwanza ulikuwa wa mama yetu. Kisha mwingine, na mwingine, kama mahindi yanapochomoza. Wanawake, wanaume, mwalimu mkuu, mchungaji. Dereva wa Zgambo aliyekuwa ameegemea lori naye akanyoosha wake, akaushusha haraka. Chifu aliangalia chini, kisha akainua fimbo yake badala ya mkono.

Tiyezge akamgeukia Zgambo. Akamwambia, "Bwana, swali lako ni la sisi sote. Tumeshindwa kuwashika watu wetu. Tuulizane kwa nini."

Akamrudishia kijana ungo wake, akashukuru, akaketi. Nilikuwa karibu naye. Nikamwekea mkono juu ya goti. Njia nzima ya kurudi nyumbani mama alitembea mbele yetu peke yake, akikataa kushikwa.

Siku ya kura ilipita kwa amani. Tulipanga foleni tangu umande haujakauka, tukachovya vidole kwenye wino, tukarudi kuitoa tumbaku kidogo tuliyokuwa nayo kwenye vijiti vya kukaushia, ili mikono isikae bure. Matokeo yalikuja kwa redio siku ya tatu. Mtangazaji alisoma majimbo mengi kwanza, mama amekumbatia redio kifuani kama mtoto. Alipofika kwetu alitaja jina la baba yake na si la kwako: Tiyezge Harawa, mgombea binafsi. Amemshinda Zgambo, na si kwa kupinda wala kunyooka, amemwacha mbali.

Sitaweza kukuandikia kelele za siku ile. Wanawake walikuja kutoka ng'ambo wakivuka maji kiunoni. Baba mdogo Yotamu alifika akiwa amevaa suti, akawaambia watu tangu mwanzo alijua. Nami nilipiga vigelegele kuliko wote, mpaka sauti ikakatika.

Siku chache baadaye Tiyezge mwenyewe aliomba kikao cha ukoo. Safari hii hakuna aliyemzuia kuongea. Alipiga magoti palepale mlangoni ingawa walimletea kiti. Aliwaambia wazee kwamba anawashukuru, na kwamba kabla hajaenda kula kiapo anataka jambo moja lijulikane. Hatakwenda Lilongwe akiwa mke anayengoja. Amengoja mpaka kungoja kumekuwa kazi, na sasa amepata kazi nyingine. Hataki talaka ya mahakama, hataki ng'ombe warudi, hataki ubaya. Anaomba ahesabiwe kuwa mtoto wa nyumba hii, kama mimi Lusungu, ili mama asipoteze mtu, na Temwa abaki kwa baba zake. Wazee walimtazama mama. Mama alifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akasema, "Basi nimepata binti wawili." Akaongeza, kwa sauti ambayo nadhani ni mimi tu niliyeisikia, kwamba wa kiume Mungu ndiye anayejua.

Hiyo ndiyo habari niliyotumwa kukuandikia, kaka. Mke huna tena hapa Kazuwa. Una dada wa pili.

Linalofuata sikutumwa. Nalisema kwa kuwa sina mtu mwingine wa kumwambia, na wewe uko mbali, na mtu aliye mbali ni rahisi kumwambia.

Kura yangu sikumpa Tiyezge.

Niliingia kwenye kile kibanda cha maboksi na karatasi mkononi. Nikaona ungo wake umechorwa pale, mzuri, mdogo. Nikakumbuka asubuhi uliyoondoka, na kabla yako baba, aliyekwenda migodini ikarudi barua ya kusema amezikwa hukohuko. Nikasema moyoni kila mwenye miguu ya kwenda anatoka kwenye nyumba hii kwa barabara ileile, na huyu ndiye wa mwisho niliyebaki naye. Akishindwa atalia siku mbili tatu, kisha tutalima. Nikaweka alama yangu kwa Zgambo. Mtu aliyemwaibisha mama yetu, kaka. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Sikuweza kukaa nalo. Siku moja kabla hajasafiri tulikwenda mtoni kufua nguo zake za safari. Nikamwambia. Alikuwa anakamua blauzi nyeupe, ile atakayoapia, akaendelea kukamua mpaka tone la mwisho. Akauliza nilimpa nani. Nikamtajia. Akauliza kwa nini, nikamwambia nilitaka abaki.

Akaketi kwenye jiwe, akaanza kucheka. Alicheka muda mrefu, akiwa ameziba mdomo kwa kiganja kama enzi zile alipokuja kuolewa, halafu nikaona mabega yamebadilika, si kicheko tena. Nilisimama kwenye maji, sijui nimshike au nisimshike. Mwishowe aliosha uso, akasema, "Wifi, jimbo zima limenipigia kura niende. Wewe peke yako ulitaka nibaki."

Tukaanika nguo kwenye majani. Nilidhani amemaliza. Alikuwa ananyoosha mikono ya blauzi, hanitazami, aliposema, "Laiti kaka yako angenitaka hivyo. Hata kwa ubaya huo."

Nimeyaandika kama alivyoyatamka.

Aliondoka Jumanne, kwa gari lililotumwa kumchukua. Aliniomba nifuatane naye, nikakataa; mama hawezi kuhama, na Temwa ana shule. Alisema bunge likifungwa atakuja, na kwamba daraja litaanza kabla ya masika. Namwamini. Na nimemwamini mtu hivyo zamani, ndiyo maana nikikaa kibarazani jioni natazama barabara, halafu najikemea, naingia ndani kupika.

Mama anakusalimu sana. Anasema usifanye kazi ukiwa na njaa, na kama una watoto huko, wafundishe majina ya watu wa kwetu. Jirani baba Wezi anakusalimu, na Baba mdogo Yotamu pia. Nilimwambia Temwa aongeze maneno yake hapa chini. Alishika kalamu, akafikiri mpaka wino ukakauka kwenye ncha, kisha akanirudishia. Akasema nimwandikie baba salamu tu, kwa sababu hajui baba anapenda kuambiwa nini.

Basi, hizo ni salamu zake.

Ni mimi mdogo wako,
Lusungu Ngwira